Sufu Haioshwi Kama Kanga

Mliokuwapo ufukweni Kibirizi, Kigoma, siku ya kuosha sufu mliona wenyewe. Maji yalikuwa yanatokota, nusu mche wa sabuni umekwanguliwa ndani ya sufuria, na fundi wetu akaizamisha sufu yote kwa mkupuo. Hapo bado palikuwa na nafasi ya kuokoa kitu. Kisha akachukua mwiko akaanza kukoroga.

Kukoroga! Unywele wa sufu umevaa magamba. Yakipata joto kali na alikali ya sabuni hutanuka na kusimama. Ukiyasugua wakati huo hushikana, na hakuna dawa ya kuyaachanisha tena. Ndiyo maana kilichotoka kwenye sufuria kilikuwa kirago. Watu walipiga makofi kwa sababu kilikuwa cheupe.

Kana kwamba haitoshi, akakitoa kwenye moto na kukitumbukiza ziwani, kwenye maji ya nyuzi 25 au 26, akakipiga jiweni. Joto likishuka ghafla hivyo, sufu hujikaza zaidi. Na maji ya Tanganyika yenyewe yana alikali, pH yake inazunguka 9. Kwa kanga si neno, maana pamba huvumilia sabuni, magadi na hata kuchemshwa. Sufu haivumilii. Nimelisema hili la sabuni ya mche mara nyingi kwenye safu hii na nimeitwa mkorofi: tunajivunia kuipika kwa mawese yetu, sawa, lakini ina kostiki, na si kila kitu kinachochafuka ni cha kuoshwa nayo.

Mafuta ya sufu huyeyuka kwenye nyuzi 40 hivi. Maji ya 60 yenye sabuni ya maji isiyo kali yanatosha. Unaizamisha taratibu, unaiacha dakika 20 bila kuigusa, unaitoa maji yakiwa bado ya moto ili mafuta yasiirudie, kisha unaihamishia kwenye maji mengine ya joto lilelile. Suuza ya mwisho, kamulia ndimu kidogo kukata alikali.

Haki yake nampa: kukata pembezoni mwa sufu penye kinyesi kulifanyika vizuri, na kuanika kivulini pia.

Mtaniambia kondoo wetu wa Kigoma wana nywele, hawana sufu, na lile gunia la sufu limetoka Molo, Kenya, kwa hiyo fundi angejifunzia wapi? Sikubali. Wafipa, huko kusini mwa ziwa, walisokota na kufuma pamba yao wenyewe katika karne ya 19, wakati misafara ikishusha vitambaa vya merikani Ujiji. Hawakuwa na kipimajoto. Walikuwa na vidole vinavyojua uzi unataka nini: mbegu zitoke kwanza, nyuzi zilegezwe, ndipo kijiti kizungushwe. Fundi wa leo ameshika vitana vya kuchania, vizuri kuliko chochote walichokuwa nacho, akavivuta kwenye kirago mpaka meno yakapinda. Alilaumu vitana.

Nusu ya gunia haijaguswa. Masika haya kingeni maji ya mvua kwenye mapipa. Hayana chumvi za ziwa wala ukali wake. Yapasheni moto, tumbukizeni sufu kidogo kidogo, na huo mwiko urudisheni kwenye ugali.