Shokapu ya Jumatatu

Kilomita chache kabla ya Engaruka gari likaanza kuogelea. Mbele lilifuata njia, nyuma likawa linakwenda kushoto na kulia lenyewe, na kila nilipolirudisha lilichelewa kusikia. Tukasimama. Nikasogeza mgongo wa kiganja karibu na shokapu za nyuma. Ya kulia ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Abiria wangu mmoja akaihurumia ile ya moto, akadhani ndiyo inayoungua. Mgonjwa alikuwa ile iliyopoa.

Shokapu haibebi gari. Uzito wote umekaa juu ya koili, na koili ikishabonyea haijui kunyamaza: inarudi, inapita kiasi, inabonyea tena. Kazi ya shokapu ni kuukata mchezo huo. Pistoni inasukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo na vali zinazofunguka kwa shida, na nguvu iliyokuwa inarusha gari inageuka joto. Kwa hiyo shokapu nzima iliyotoka kwenye rafu lazima iwe ya moto. Ikipoa huku mwenzake anawaka, imeacha kazi.

Niliporudi Arusha fundi wangu alikuwa na jibu tayari. "Mzee, funga zile zenye vichupa vya pembeni, za mashindano. Umalize habari." Akanionyesha picha kwenye simu. Ni nzuri, sikatai. Hata zikiwa hazijafungwa zinaonekana zinakimbia. Ila zilinifanya nijiulize gari langu linafanya nini hasa, na uchaguzi wote ulitoka kwenye swali hilo.

Gari ni Prado ya mfululizo wa 120, ile iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2009. Jumatatu hadi Ijumaa linatoka Usa River kwenda mjini na kurudi, juu ya lami, likiwa na mimi, begi na wakati mwingine mtoto wa jirani anayewahi shule. Adui wa siku hizo ni matuta na rasta. Kila baada ya miezi miwili hivi linabeba watu watano na mizigo kwenda Mto wa Mbu, Engaruka hadi Engare Sero kando ya Ziwa Natron: vumbi, mawe na mawimbi ya barabara kwa saa nyingi. Wengi wetu tunanunua shokapu kwa ajili ya safari hiyo ya pili, kisha tunaishi nayo kwenye ile ya kwanza.

Hatua ya kwanza ilikuwa mizani. Niliomba kupima gari kwenye mizani ya ghala la nafaka, ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, mara mbili: siku ya kazi na siku ya safari. Fundi alicheka, lakini bila namba hizo hakuna anayeweza kukuchagulia koili, na bila koili hakuna shokapu. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kilo 34 hivi bila dumu lenyewe. Maji lita 60 ni kilo 60. Ongeza watu wawili wazima kiti cha nyuma, hema, jeki ya pili na tairi ya ziada, na karibu yote yanaikalia ekseli ya nyuma. Mbele uzito haukubadilika sana, kwa sababu sina bampa la chuma wala winchi. Ukivifunga vyote viwili, pua ya gari inaweza kuongezewa zaidi ya kilo 80, na hapo hesabu ya mbele inaanza upya.

Hapa ndipo watu hupotea. Muuzaji atakupa seti ya "mzigo mzito" kwa sababu umemwambia unakwenda porini. Koili ngumu chini ya gari jepesi humrusha dereva kila tuta, naye huilaumu shokapu. Shokapu inapaswa kulingana na koili: ukiongeza ugumu wa koili kwa asilimia 30, unahitaji uzuiaji zaidi kwa asilimia 14 hivi ili gari litulie vilevile. Koili mpya ngumu juu ya shokapu za kiwandani ni gari linalorukaruka. Shokapu ngumu juu ya koili laini hufanya kinyume: gurudumu likishuka shimoni linachelewa kurudi, na kwenye mawimbi gari linazidi kuchuchumaa hadi linatembea juu ya raba za kuzuia ekseli isigonge chesisi.

Fundi akikwambia shokapu fulani ni ngumu au laini, muulize: kwa kasi gani? Nina maana ya kasi ya pistoni ndani ya bomba. Ukipanda tuta polepole, ukikata kona, ukikanyaga breki, mwili wa gari huinama taratibu na pistoni hutembea sentimita chache tu kwa sekunde. Kwenye rafu mambo hugeuka. Mwili wa gari unaweza kutulia huku gurudumu chini likipanda na kushuka kama sindano ya cherehani.

Chukua barabara yenye mawimbi yaliyoachana sentimita 75. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu linagongwa mara 22 kwa sekunde. Mwili wa gari una mdundo wake wa asili, mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde. Ekseli na magurudumu yana wa kwao, mara 10 hadi 15. Sasa fanya hesabu kwa mdundo wa 12: kwenye mawimbi hayo unaupata ukiwa kwenye kilomita 32 kwa saa. Ndiyo sababu mwendo wa thelathini na kitu hung'oa meno, ilhali kwenye 60 gari linaonekana limenyooka. Limenyooka kwa sababu tairi zinaruka kutoka kichwa cha wimbi hadi kingine bila kugusa bonde, na tairi isiyogusa ardhi haishiki breki wala kona. Faraja hiyo imeua watu.

(Na tusimlaumu dereva wa greda peke yake. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwa majaribio kwamba hata gurudumu lisilo na springi wala shokapu, likipita juu ya mchanga tena na tena, hutengeneza mawimbi yaleyale mara tu mwendo unapovuka kiwango fulani.)

Kwa hiyo unaponunua shokapu unanunua tabia mbili katika bomba moja: inavyofanya pistoni ikitembea polepole, na inavyofanya ikitembea haraka. Zipo zinazokaza mapema kisha kulegea kasi inapopanda. Bilstein 5100 inajulikana kwa tabia hiyo. Kwenye lami gari halilali kona, kwenye shimo kubwa vali inafunguka. Gharama yake utaisikia kwenye vitu vidogo: rasta, viraka, kokoto. Mtu anayevuka rasta mara nne kwa siku atazihesabu zote kwa uti wa mgongo. Kuna zinazopanda ugumu pole pole kadiri kasi inavyoongezeka; hizo hupita rasta kistaarabu, lakini ukikata kona kwa haraka mwili unainama kidogo zaidi. Mimi si kijana tena. Niliandika pembeni: rasta kwanza.

Halafu kuna suala la bomba. Shokapu ya mabomba mawili ina bomba la kazi ndani na la akiba nje, mafuta yakihamia huko na kurudi. Ikifanya kazi muda mrefu mafuta huchanganyika na gesi, yanatoa povu, na povu halizuii kitu. Shokapu ya bomba moja inatenganisha mafuta na gesi kwa pistoni ya pili inayoelea, na gesi yenyewe, naitrojeni, imejazwa kwa shinikizo kubwa. Muundo huo ni wa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon. Bilstein ya Ujerumani iliufikisha kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Shokapu ya namna hiyo haitoi povu kirahisi, na hupoa upesi kwa sababu mafuta yanagusa ukuta unaopigwa na upepo.

Kwa joto peke yake, basi, bomba moja linashinda. Ila barabara ya Natron ina mawe. Katika bomba moja, ukuta unaopigwa na jiwe ndio uleule ambao pistoni inateleza ndani yake. Ubonyeo mdogo tu, pistoni inakwama au sili inachanika. Katika mabomba mawili jiwe hubonyeza ganda la nje na kazi inaendelea ndani. Tena bomba moja likipoteza gesi hufa ghafla. Ya mabomba mawili huzeeka kwa miezi, ikikuonya kila wiki.

Waaustralia wana njia ya tatu: ndani ya bomba la nje wanaweka sponji yenye vishimo vilivyofungwa, gesi imenaswa humo isichanganyike na mafuta. Tough Dog na Ironman wanazo za namna hiyo. Ni nene, zina mafuta mengi, na joto hupanda taratibu.

Za vichupa vya pembeni nilizikataa kwa swali moja: nani Arusha atanifungulia, abadilishe sili na kujaza naitrojeni kwa kipimo? Fundi wangu alitazama kando. Shokapu inayohitaji kufanyiwa huduma ni mali kwa mwenye gereji ya mashindano. Kwa anayewahi kazini saa mbili asubuhi ni mzigo.

Kuhusu kunyanyua gari nitasema kidogo, maana hapo kuna dini zaidi kuliko ufundi. Mbele, Prado 120 imepitisha shokapu katikati ya koili. Ukipandisha zaidi ya sentimita tano hivi, pembe ya viungo vya ekseli za mbele inakuwa kali, mkono wa juu unakaribia kugusa koili gurudumu likining'inia, na alaimenti hairudi bila kubadilisha mikono hiyo. Raba zinazopachikwa kwenye koili hunyanyua gari bila kurefusha shokapu, nayo hubaki imevutwa karibu na mwisho wake, shimo dogo linaifikisha mwisho kabisa na unasikia "tah!" ya chuma. Kwa nyuma kipimo ni rahisi: ning'iniza ekseli, pima kutoka bushi hadi bushi, toa koili, pandisha ekseli kwa jeki hadi ibane raba ya kikomo, pima tena. Shokapu lazima iwe ndefu kuliko kipimo cha kwanza na, ikifungwa yote, fupi kuliko cha pili. Nje ya hapo inageuka kuwa yenyewe ndiyo kikomo.

Za mtumba sikuzitazama. Zile zinazotobolewa, kujazwa mafuta na kuchomelewa hutulia wiki mbili, kwa sababu vali zilizolika ni zilezile na gesi haipo. Bandia ni tatizo kubwa zaidi. Niliwahi kununua jozi kwenye boksi lenye nembo ya kuheshimika, na nilipozibonyeza kwa mkono moja ilirudi yenyewe, ya pili ikabaki chini kama imelala. Ni shokapu za gesi zote mbili, boksi limeandika hivyo. Bonyeza kabla ya kulipa.

Nikamaliza na Old Man Emu Nitrocharger, mabomba mawili yenye gesi, mbele na nyuma. Mbele koili za urefu wa kati kwa gari lisilo na bampa la chuma. Nyuma koili za mzigo wa wastani, daraja moja chini ya zile alizotaka fundi. Ilinisaidia kwamba Prado 120 ina undugu wa chini kwa chini na 4Runner ya kizazi cha nne, FJ Cruiser na Lexus GX 470, hivyo vifaa vyake vimejaribiwa na watu wengi kabla yangu.

Nimeshapita Engaruka nazo mara kadhaa. Siwezi kusema zinashinda bomba moja kwa joto. Saa ya pili ya rafu nyuma huanza kulegea kidogo. Dawa yake hainunuliwi. Baada ya Mto wa Mbu nashusha upepo wa tairi kutoka psi 36 hadi 26, naendesha kwa 50 nisizichemshe shokapu, na kila saa tunasimama tunywe maji. Shokapu zote nne hutoka zikiwa na joto linalokaribiana. Jumatatu asubuhi, rasta za Tengeru zinapita bila mtoto wa jirani kumwaga uji.

Jambo moja la kumsimamia fundi wako, maana wengi hulikosea: asikaze bolti za bushi za chini gari likiwa juu ya jeki. Bushi za raba zikikazwa magurudumu yakining'inia hubaki zimejipinda siku zote na kuchanika mapema. Gari lishushwe, lisimame kwa miguu yake, ndipo akaze. Kisha lipelekwe alaimenti siku hiyohiyo.