Weupe wa Kifuani, Weupe wa Pajini

Mliokuwa kando ya ulingo mliona wenyewe. Dume wa mbwa aina ya Cavalier, mwekundu mzima wa rangi iitwayo rubi, alikuwa ameshamaliza kutembea pembetatu yake, miguu ya nyuma ikisukuma sawasawa, mgongo umelala bapa mpaka kwenye mkia, na mwamuzi ameshamwashiria asimame wa kwanza. Kisha mwamuzi akarudi. Akainama, akafunua manyoya ya kifuani, akakiona kidoa cheupe kisichozidi ukucha, akakisugua kwa kidole gumba kana kwamba ni chaki. Hakikutoka. Alipoinuka akamshusha dume yule hadi nafasi ya tatu, na kadi ya ushindi akampa Blenheim, Cavalier mwenye mabaka mekundu juu ya weupe, aliye na lozenji safi, lile doa jekundu katikati ya weupe wa kichwani, ambaye vifundo vyake vya nyuma hukaribia kugusana kila anapopiga hatua.

Hapo alikosea, na alikosea kwa sababu hakukisoma kiwango mpaka mwisho. Ni kweli kiwango cha Cavalier kinasema alama nyeupe kwa rubi hazitakiwi. Lakini kiwango hichohicho cha chama cha Kennel Club kinamtaka mwamuzi apime kila dosari kwa ukubwa wake na kwa athari yake katika afya na ustawi wa mbwa. Kidoa kile kinamdhuru nini mbwa? Hakimdhuru lolote. Vifundo vibovu atavitembelea maisha yake yote.

Tena weupe ule si ushahidi wa uzao mchafu. Rubi na Blenheim wote wana nakala mbili za aleli ya e ndogo kwenye jeni ya MC1R, na aleli hiyo huzima rangi nyeusi ya manyoya. Kinachowatenganisha ni jeni ya MITF. Blenheim ana nakala mbili za aleli ya mabaka. Rubi anaweza kubeba moja asionyeshe kitu, au akaonyesha kidogo tu, kifuani au vidoleni. Ndivyo seli za rangi zinavyosafiri: katika kiinitete huanzia mgongoni, zikateremka ubavuni, na kifua na vidole ndiko zinakofika mwisho. Zisipofika, pale pote hubaki peupe. Lozenji nayo ni kazi ya aleli hiyohiyo, ila hapa weupe umeizunguka mahali tunapopapenda. Hakuna mfugaji anayeweza kuiagiza. Katika mkupuo mmoja wa watoto, wote Blenheim, huyu huzaliwa nayo na ndugu yake akaikosa.

Nimeandika mara nyingi na nitarudia: kile kisa cha asili ya lozenji, cha Sarah Churchill akibonyeza gumba kichwani mwa jike mwenye mimba, huku akingoja habari za mumewe katika vita vya Blenheim mwaka 1704, kisimuliwe sebuleni. Ulingoni hakina kazi.

Roswell Eldridge, Mmarekani aliyeweka zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kuanzia mwaka 1926 ili spanieli wa kale warudi, naye alilitaka lile doa la kichwani. Lakini katika tangazo lake alilitaja mwisho, baada ya uso mrefu na fuvu bapa. Na mwaka 1928, watu walipokiandika kiwango cha kwanza cha Cavalier, walimweka mezani dume aitwaye Ann's Son, wakamtazama mbwa mzima. Waamuzi wa namna ile walijua kwamba rangi huvaliwa juu ya mifupa. Siku hizi tunapekua manyoya kwanza.



Gharama ya uamuzi ule wa kumshusha rubi itatoka nje ya ulingo. Mfugaji aliyeona rubi bora akiangushwa kwa kidoa ataogopa kumpandisha kwa Blenheim au kwa wa rangi tatu. Atabaki na rubi kwa rubi, rubi kwa weusi wenye hudhurungi, na ukoo uliokwisha kubanwa utazidi kubanwa. Haya yanafanyika kwa uzao ambao ugonjwa wa vali ya mitral ya moyo unaua wengi wao, na ambao Mahakama ya Wilaya ya Oslo, Januari 2022, iliona kuuzalisha kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Katika hali hiyo dume mwenye mwendo ule si wa kutupwa nafasi ya tatu.

Mwamuzi anadaiwa ripoti ya maandishi, kama ilivyo desturi. Aandike basi jinsi alivyopima mwendo wa yule Blenheim, na alichokiona kwenye kidoa cha rubi kilichouzidi uzito mwendo huo.