Thome na Kaluvu: Jinsi Wazee wa Ukambani Walivyokunywa Pamoja

Thome ni uwanja ulio nje ya boma la Mkamba, penye kivuli cha mchana na moto wa jioni, ambapo wanaume walipokea wageni na kuamua mashauri. Katika Kitui na Makueni za zamani hapakujengwa nyumba ya kunywea. Pombe ilipokuwa tayari, thome ndiyo iliyokuwa baa. Anayezijua sifa za baa kongwe za vijiji vya Uingereza, zenye boriti nyeusi na meko, atalitafuta jengo la namna hiyo Ukambani asilione. Raha ya thome ilitokana na pombe yenyewe na namna ilivyopikwa.

Pombe kwa Kikamba huitwa uki, na iliyo maarufu ni kaluvu, ya asali au ya maji ya miwa. Asali ilitoka katika mizinga ya magogo, myatu, iliyotundikwa juu ya migunga. Nyuki hufuata maua, nayo maua hufuata mvua za vuli na za masika, kwa hiyo asali ilikuja kwa msimu. Miwa nayo ilihitaji unyevu wa kando ya mito. Katika nchi kame kama hii, malighafi zote mbili zilikuwa za kupimiwa.

Siri ya kazi iko katika tunda la mwegea, lile linaloning'inia kwa kikonyo kirefu kama kamba na kunenepa hata kupita kilo 5. Likiwa bichi lina sumu, wala watu hawalili. Hupasuliwa katikati kwa urefu, likaanikwa juani, likachemshwa, maji yake yakamwagwa, kisha likaanikwa tena. Linalobaki ni gamba lililojaa nyuzi nyepesi, kavu, mithili ya dodoki. Hapo hutumbukizwa katika maji kidogo ya miwa au ya asali na kuwekwa mahali penye joto kwa muda wa siku moja. Hamira huzaliana ndani ya nyuzi hizo. Tunda hutolewa, huanikwa kwa mara ya tatu, na sasa ni chachu iliyokamilika. Baada ya kila upishi huoshwa, likakaushwa, likatumika tena. Wapishi hawa hawakuwa na hadubini ya kuiona hamira, lakini walijua kuifuga, kuilisha na kuihifadhi. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa.

Asali tupu haiumuki. Karibu sehemu nne kati ya tano za asali ni sukari, na katika uzito huo hamira haifanyi kazi. Lazima ichanganywe na maji. Mchanganyiko ukishakuwa mwepesi hutiwa kibuyuni pamoja na matunda hayo ya mwegea, na kibuyu huwekwa karibu na moto, kwa sababu hamira hupenda joto la nyuzi 30 hivi, na usiku wa milima ya Mbooni una baridi kali. Povu hupanda, na anayetega sikio mdomoni mwa kibuyu husikia mvumo mdogo usiokatika. Sukari inageuka kileo na hewa. Kati ya siku ya kwanza na ya nne kaluvu huwa tayari: utamu umepungua, ukali umeingia, uchachu bado haujashinda.

Hali hiyo haidumu. Siku chache zikipita, kaluvu huchacha kabisa. Hapa ndipo ufundi ulipotengeneza jamii: pombe isiyowekeka haina budi kunywewa kwa pamoja, kwa siku inayojulikana, na watu walioalikwa. Aliyepika hakuuza, aliita. Tone la kwanza lilimwagwa chini kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia, kisha kibuyu kikawaendea wazee. Gerhard Lindblom, mtafiti wa Uswidi aliyeishi na Wakamba mwaka 1911 na 1912 na kuchapisha kitabu kuwahusu, aliandika kuwa vijana hawakuruhusiwa kunywa. Uki ulikuwa pia sehemu ya ada za wazee wa baraza, nzama, na za posa katika sherehe ya ntheo.

Uingereza ya kale haikuwa mbali na hali hii. Pombe yao ya awali, isiyo na hopsi, iliharibika upesi, na wanawake waliopika majumbani walisimamisha mti mlangoni kuwatangazia majirani kwamba imeiva. Hopsi zilipoenea kuanzia karne ya 15 pombe ikaweza kukaa, na biashara ikashika nafasi ya ualikaji.

Ukambani mabadiliko yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui, Makueni, na misheni hiyo ikawafunza waumini kuacha pombe kabisa. Kisha ikaja sukari ya dukani. Hiyo ndiyo iliyoivunja thome zaidi ya mahubiri, maana haingoji mvua wala nyuki: mtu hupika siku yoyote na kumuuzia yeyote, akiwemo kijana. Tangu Katiba ya 2010, leseni za vileo ni kazi ya serikali za kaunti, lakini leseni humhusu muuzaji na mahali pake tu. Haisemi nani aalikwe, wala nani atangulie kupokea kibuyu.

Kaluvu ya asali ingali inapikwa kwa ajili ya ntheo, na hata leo haikai wiki.