Picha Zilizooshwa Vyema

Jirani yangu mmoja, bibi wa Ng'ambo, Unguja, ana bati la biskuti analolificha chini ya kitanda. Ndani yake mna albamu ya kurasa nyeusi, na humo ndimo alimo marehemu mumewe: askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyerudi kutoka vitani akawa polisi hapa, mtu wa Bara aliyeitwa mgeni mpaka kichwa kikajaa mvi.

Wanaoifungua husifu sura ya mzee. Mimi huishia kumsifu aliyezisafisha picha zake.

Ya kwanza ni ya baada ya vita. Kaptula imenyooka, na nyuma kuna pazia lililochorwa nguzo na ngazi za jumba ambalo hakuwahi kulikanyaga. Kifuani ana utepe wa Nyota ya Burma. Buluu, nyekundu na rangi ya chungwa zote zimegeuka kijivu, lakini kila mstari una kijivu chake, na ukisogeza macho unaweza kuihesabu. Hiyo si kazi ya bahati. Na utepe wenyewe una vita vyake: huko Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944 hadi kuufikia mji wa Kalewa mwezi Desemba.

"Bama matope mpaka magotini, mwanangu," bibi husema, kama aliyekuwapo.

Katika picha hakuna hata tone la tope.

Ya pili ndiyo inayonikalisha. Yumo ndani ya sare ya polisi, vifungo vinang'aa, na paji la uso ni laini kuliko umri wake. Hapo ilipita penseli. Kwenye negativu kivuli huwa cheupe. Fundi akikitia risasi ya penseli kidogo, mwanga hupungua kupenya, na kunjo hufifia kwenye karatasi. Akizidisha, mtu anakuwa sanamu ya nta. Huyu alilainisha paji, akaliacha kovu chini ya jicho. Alijua kovu lina mwenyewe.

Mjini, mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alimpiga picha Sultani, akawapiga na raia waliokuja na akiba zao. Bati la bibi halisemi picha zake zilitoka studio ipi. Muhuri wa nyuma umefutika. Bado naona mkono uliofunzwa.

Na kazi kubwa ya mkono huo haikuwa kamera, ilikuwa maji. Picha nyeusi na nyeupe ni chembe za fedha juu ya karatasi. Baada ya kutokea chini ya taa nyekundu, huingizwa katika dawa ya kuigandisha, halafu lazima dawa hiyo itolewe yote. Karatasi nzito ya zamani ilitaka karibu saa nzima ya maji yanayotembea. Mteja hakai kuona hayo, na akipewa iliyooshwa dakika kumi haoni tofauti. Tofauti huja baada ya miaka, picha inapoanza kuwa njano na sura kufifia. Katika albamu ile moja tu imefanya hivyo, ndogo, ya haraka haraka. Ile ya rangi, ya harusi ya binti yao, imeshageuka nyekundu nzima.

Ya mwisho ya mzee imetulia vilevile. Amevaa kanzu, watoto wamemzunguka, hana sare. Serikali iliyopokea uhuru Desemba 1963 iliwaondoa kazini polisi wengi wa Bara. Bibi huupita ukurasa huo upesi, nami sijawahi kumzuia.

Mjukuu anataka kuzihamishia kwenye albamu mpya ya nailoni yenye gundi. Kama nawe una bati la namna hii nyumbani, usifanye hivyo: gundi huzila. Kona nne za karatasi na mahali pakavu vinatosha.