Siri ya Mtungi: Vazi na Maficho katika Hadithi za Uhalifu za Kichina

UTANGULIZI

Riwaya ya upelelezi haina heshima kubwa mbele ya wahakiki wetu. Huitwa riwaya pendwa, na neno "pendwa" hutamkwa kwa kubetua midomo, kana kwamba kupendwa na wasomaji ni kosa. Riwaya ya upelelezi ya Kichina imebeba mzigo wa pili juu ya huo. Watunzi wa Magharibi waliwahi kulichukua taifa zima la Wachina wakalivisha sura ya siri. Mwaka 1913 Sax Rohmer, Mwingereza, alichapisha riwaya ya kwanza ya Fu Manchu, Mchina mwenye njama zisizokwisha dhidi ya watu wa Magharibi. Mwaka 1929 Padri Ronald Knox, ambaye naye alitunga hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za utunzi huo, na mojawapo ilikataza Mchina asionekane katika hadithi. Hata tukisema Knox alikuwa akiwakejeli watunzi wenzake waliochoka kubuni, amri yenyewe yatosha kutuonyesha hali ilivyokuwa. Katika hadithi hizo Mchina hakuhitaji kuficha kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyefanywa siri.

Makala haya yanakusudia kuchunguza ishara ya kujigeuza sura na kuficha siri katika hadithi za uhalifu walizotunga Wachina wenyewe. Hoja yangu ni moja. Katika hadithi hizi anayejificha kwanza si mhalifu, bali ni hakimu. Na kila anapovua joho lake na kuvaa nguo za mtu mwingine, anakiri bila kusema kwamba joho lile lilikuwa limemziba macho. Tukiielewa ishara hii tutaona kwamba siri haimo katika damu ya Wachina, kama alivyotaka tuamini Rohmer. Imo katika umbali uliopo kati ya mtawala na mtawaliwa.

HAKIMU AVUA JOHO

Kwa karne nyingi hadithi ya uhalifu ya Kichina iliitwa gong'an, neno linalotaja meza ya hakimu na kesi iliyo juu yake. Shujaa wake ni ofisa wa serikali. Wawili ndio mashuhuri kuliko wote, na wote wawili waliishi kweli: Di Renjie (630–700) wa zama za nasaba ya Tang, na Bao Zheng (999–1062) wa zama za Song. Hakimu wa wilaya katika hadithi hizi ni polisi, mwendesha mashtaka na mtoa hukumu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hapana mpelelezi wa pembeni mwenye kumsahihisha. Akikosea yeye, imekosea serikali.

Riwaya inayotufaa zaidi ni ile ya kesi za Hakimu Di, ambayo mtunzi wake hajulikani. Ilitungwa zama za Qing (1644–1912), lakini mandhari yake ni ya Tang, yaani miaka elfu moja na ushei kabla. Robert van Gulik, mwanadiplomasia wa Kiholanzi, aliifasiri sehemu ya kwanza, sura 30 kati ya 64, akaichapisha Tokyo mwaka 1949 kwa jina la Dee Goong An. Tuanze hapo hapo kwenye jalada: mtunzi kalificha jina lake, na kitabu kimevaa nguo za zama nyingine. Mtu aliyeishi chini ya Qing angewezaje kuwasema mahakimu wa siku zake? Awaseme wa Tang. Kwa maoni yangu, maficho ya kwanza katika riwaya hii ni kitabu chenyewe.

Ndani ya riwaya, Hakimu Dee (tumwite kama alivyomwita van Gulik) anatafuta muuaji, naye anajivika nguo za mganga wa kutembea na kuingia kijijini. Kwa nini mganga? Ofisa akipita barabarani hutanguliwa na gongo na watumishi wanaopiga kelele watu wapishe njia. Wote wanainamisha vichwa, basi hana uso hata mmoja wa kuutazama. Mganga huitwa ndani. Hushika mkono asikilize mapigo ya damu, huambiwa mtu atoe ulimi, na huelezwa mambo ambayo mkwe hamwelezi mkwe. Wazee wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hakimu mwenye joho yuko nje ya mtungi. Mganga ndiye kata.

Na jambo hili lina msingi katika historia, si madoido ya mtunzi. Katika zama za Ming na Qing, ofisa hakuruhusiwa kutawala katika jimbo alikozaliwa. Shabaha ilikuwa kuzuia upendeleo wa ndugu, lakini matokeo yake ni kwamba hakimu alikuwa mgeni siku zote, pengine hata lahaja ya wenyeji haimwingii vizuri, na habari alizipata kwa makarani waliokuwa na yao ya kuficha. Msomaji wetu atamkumbuka Harun Rashid wa Alfu Lela u Lela akizunguka Baghdad usiku kwa nguo za mfanyabiashara. Tofauti ni kwamba Harun mara nyingi anatafuta liwazo la kukosa usingizi. Hakimu Dee anatafuta kile ambacho ofisi yake haiwezi kumpa.

NYUMBA ILIYOFUNGWA ULIMI

Akiwa katika uganga wake, bibi kizee mmoja anamjia kutibiwa. Maradhi yake ni majonzi: mwanawe alikufa ghafla baada ya karamu ya sikukuu. Nyumbani amebaki na mkwewe, Bibi Djou, mjane anayejifungia ndani asionwe na wanaume, na mjukuu mdogo wa kike ambaye ni bubu. Hakimu anasikia harufu ya uovu. Baadaye tunajua ukweli: mjane alimuua mumewe kwa kumpigilia msumari utosini, ukafichwa na nywele, mpenzi wake alikuwa akimjia kwa njia ya chini ya kitanda iliyounganisha nyumba mbili, na mtoto, aliyemwona mtu huyo, alinyweshwa dawa na mama yake akawa bubu.

Hapa mtunzi ametumia ishara kwa ustadi mkubwa. Siri zote tatu zimewekwa ndani ya vitu vya heshima. Msumari umo chini ya nywele, na nywele za mwanamume katika utamaduni ule ni urithi kutoka kwa wazazi, hazichezewi. Njia ya siri imo chini ya kitanda cha ndoa. Kubwa kuliko yote, utawa wa mjane, ule ambao jamii iliusifu na hata kuujengea milango ya kumbukumbu, ndio kinyago chenyewe. Bibi Djou hakubuni vazi la kigeni. Alivaa vazi lile lile ambalo jamii ilimtaka alivae, na likamtosha sawasawa. Nani angemshuku mjane aliyejifungia?

Ububu wa mtoto ni ishara inayouma zaidi. Siri ya watu wazima imehifadhiwa ndani ya mwili wa mdogo asiye na hatia. Ukisoma mahali hapo unajiuliza ni nyumba ngapi zina mtoto wa namna hiyo, aliyeona na asiyeweza kusema, wala si lazima awe amenyweshwa dawa.

JEHANAMU YA MAIGIZO

Sasa tunafika kwenye kiini. Hakimu anafukua kaburi na haoni jeraha. Hilo si jambo dogo. Ofisa aliyefukua maiti ya watu bila ushahidi aliweza kuadhibiwa yeye. Bibi Djou anateswa barazani na hasemi. Lakini sheria ya zamani ya Uchina ilitaka mshtakiwa akiri kwa kinywa chake ndipo ahukumiwe, na mateso yalikuwa njia halali ya kumfanya akiri. Hata mpenzi wake anapokamatwa na kusema yote, yeye anakataa kata kata.

Ndipo Hakimu Dee anapojigeuza kwa mara nyingine. Usiku, barazani kwake, anajifanya Mfalme wa Kuzimu, na wasaidizi wake wanavaa kama mapepo. Mwanamke analetwa kutoka gerezani katika giza na moshi, anaamini amekufa na yuko mbele ya hukumu ya mwisho. Anakiri.

Wapo watakaosema kwamba tukio hili ni ushirikina tu wa kuwafurahisha wasomaji wa siku zile. Hoja hii haina mashiko. Katika tukio hili hakuna pepo hata mmoja. Kuna watumishi wa serikali waliopakwa rangi. Mtunzi anatuonyesha waziwazi mitambo ya nyuma ya pazia. Wengine watasema hakimu ni mtetezi wa wanyonge na hila yake ni halali kwa kuwa ukweli ulipatikana. Hawa wana hoja, lakini hawajalinganisha mavazi mawili ya mtu yule yule.

Alipokuwa mganga, hakimu alishuka. Alikaa na bibi kizee, akauliza, akasikiliza, na akapewa ukweli bila kushika kiboko. Alipokuwa Mfalme wa Kuzimu, alipanda juu kuliko cheo chochote cha duniani, akachukua ukweli kwa hofu kutoka kwa mtu ambaye mwili wake ulikwisha teswa. Vazi la kwanza linamfanya awe mdogo kuliko alivyo, na la pili linamfanya awe Mungu. Tena hilo la pili linaokoa pia shingo yake mwenyewe, kwani kaburi lilikwisha fukuliwa. Riwaya inampigia makofi kwa yote mawili. Mimi naona lile la pili linadai maswali. Kama baraza likivaa kinyago ili kupata ungamo, ungamo lile ni la nani? Safari hii mshtakiwa alikuwa muuaji kweli. Je, angekuwa hana hatia, angekuwa na ujasiri wa kubishana na Jehanamu?

Riwaya yenyewe inalijua swali hilo, ijapokuwa hailijibu. Katika kesi yake nyingine bibi arusi anakufa kwa sumu, na kijana aliyewatania maarusi anashukiwa kumuua. Hakimu anagundua kwamba sumu ilidondoka kutoka kwa nyoka aliyejificha darini mwa jiko, aliyevutwa na mvuke wa maji yanayochemka. Hakuna aliyeficha chochote. Siri ilikuwa ya nyoka. Kijana yule angeletwa mbele ya mapepo, sijui angekiri nini.

JOHO LACHAPWA VIBOKO

Hakimu Bao anaipeleka ishara hii mbali zaidi. Katika opera ya Beijing uso wake hupakwa rangi nyeusi na mwezi mchanga mweupe kwenye paji. Weusi huo ni alama ya uadilifu usiopindika. Masimulizi yanasema mchana aliwahukumu walio hai na usiku wafu. Kwa hiyo kwake yeye kinyago hakifichi kitu; kinatangaza.

Kisa chake mashuhuri, kilichomo pia katika riwaya ya Sanxia Wuyi iliyochapwa mwaka 1879 kutokana na masimulizi ya fanani Shi Yukun, ni cha mwanamfalme aliyebadilishwa na paka. Mke mmoja wa mfalme anajifungua, na mwenzake anayemwonea wivu anamwondoa mtoto na kuweka paka wa mwitu aliyechunwa ngozi. Mama anaangamizwa jina. Mtoto anakua, anakuwa mfalme, na hajui mama yake ni nani. Baada ya miaka Bao anakutana na bibi kipofu maskini anayedai kuwa ndiye mama wa mfalme.

Tazama siri ilipofika. Haiko tena chini ya kitanda cha mwanakijiji; iko juu ya kiti cha enzi. Mfalme mwenyewe amevaa nasaba isiyo yake bila kujua. Ukweli unapofichuka, katika opera mama anaagiza mwanawe achapwe viboko kwa kukosa utii wa mtoto kwa mzazi. Nani atamchapa mfalme? Bao anamvua joho la dragoni na kulichapa joho. Watazamaji hucheka, lakini kicheko hicho kina mambo. Ni njia ya kumwokoa mfalme, na papo hapo ni kukiri kwamba mwenye mamlaka ni lile joho, na kwamba aliye ndani yake ni mtoto wa mama fulani kama sisi sote.

KINYAGO CHAHAMIA KWA MWIZI

Hadithi za Sherlock Holmes zilianza kufasiriwa kwa Kichina mwaka 1896. Cheng Xiaoqing (1893–1976) akamuumba Huo Sang, mpelelezi wa Shanghai mwenye kutumia sayansi, kama vile Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alivyomchukua Holmes huyo huyo akatupatia Bwana Msa. Lakini kwa mada yetu aliye muhimu zaidi ni Lu Ping wa Sun Liaohong (1897–1958). Huyu ni mwizi, bingwa wa kujigeuza sura, anayewaibia matajiri. Shanghai ya siku hizo iligawanywa kati ya Wachina na madola ya kigeni, kila upande na polisi wake. Hakimu wa kuvua joho hayupo tena, kwa sababu joho lenyewe halina heshima. Basi vazi la kujificha limemhamia mwizi, na haki nayo imemfuata huko. Cha kuchekesha ni kwamba Lu Ping hupenda tai nyekundu na ana kidoa chekundu sikioni: bingwa wa kujificha ana alama isiyofichika, kana kwamba anataka ajulikane.

Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni (1966–1976), hadithi za kijasusi kama ile ya jozi ya viatu vya kutariziwa zilinakiliwa kwa mkono na kupitishwa kisirisiri. Riwaya ya siri ikawa siri. Na mwaka 2000 Qiu Xiaolong, mzaliwa wa Shanghai anayeandika Kiingereza akiwa Marekani, alitoa Death of a Red Heroine, ambamo aliyeuawa ni mfanyakazi wa mfano wa taifa. Binti huyu alikuwa na maisha mawili, na lile la hadharani alivishwa na serikali. Ni Bibi Djou tena, ila safari hii mwenye kinyago ndiye maiti.

HITIMISHO

Tumeona kwamba vazi la kujificha katika hadithi hizi limepita mikono mingi: hakimu, mjane, mfalme, mwizi, raia. Kila linapohama linatuonyesha mahali ambapo watu wameacha kuambiana ukweli uso kwa uso. Anayezisoma kwa ajili ya kujua muuaji ni nani atafurahi, na hapana ubaya. Lakini na aulize pia kwa nini mwenye madaraka alilazimika kuwa mtu mwingine ili aambiwe jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalinong'ona. Siri ya mtungi aijuaye kata, sawa. Ila kata haijitumbukizi yenyewe, na aliyeishika anaweza kuchota maji ya kunywa au ya kumzamishia mtu.