Mpwa wa miaka 31 na mlango unaofungwa akifika 18

Tuchukue mzee mmoja wa Chitete, wilayani Momba, ambaye hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Amemlea mpwa wake, mtoto wa dada yake, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Leo kijana ana miaka 31. Ndiye anayelima ufuta na mahindi ya nyumba ile, ndiye anayempakia mzee kwenye bodaboda kumpeleka kituo cha afya. Mzee anataka kumwasili kisheria, ili siku akifa pasiwe na maneno. Mfano nimeutunga, lakini nyumba za namna hiyo ni nyingi Songwe nzima, na swali lao ni moja: utaratibu ukoje?

Jibu la sheria ni fupi na linaumiza. Utaratibu haupo. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, ndiyo iliyofuta ile ya zamani ya kuasili watoto, Sura ya 335, na ndiyo inayosimamia kuasili Tanzania Bara. Inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Masharti yake yote yamejengwa juu ya umri huo: mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi (ndugu wa damu wamelegezewa), afisa ustawi wa jamii afike nyumbani na aandike taarifa, wazazi wa kumzaa waridhie, na hakimu au jaji apime kama jambo lenyewe lina maslahi kwa mtoto. Amri ikitoka, RITA inaandika katika rejista ya watoto walioasiliwa. Mtu mzima hana pa kuingilia katika mlolongo huo. Hana mlezi wa kumsemea kwa kuwa anajisemea mwenyewe, na ustawi wa jamii hauna cha kukagua nyumbani kwake.

Hapo ndipo familia nyingi hushauriwa vibaya. Wapo watakaomwambia mzee kwamba kijana hana cheti cha kuzaliwa, basi aombewe usajili wa kuchelewa, umri upunguzwe au mjomba aandikwe baba mzazi. Nasema bila kuzunguka: huo ni uongo chini ya kiapo, ni kosa la jinai kwa aliyeapa na kwa aliyesaidia, na ni sumu kwa yule yule anayetakiwa kulindwa. Ukoo ukienda mahakamani na shahidi mmoja tu anayekumbuka mwaka aliozaliwa kijana, cheti kinaanguka, na vyote vilivyojengwa juu yake vinaanguka nacho.

Njia ya halali huanza kwa kumuuliza mzee swali jingine. Anataka nini hasa kutoka kwenye amri ya kuasili? Ukimsikiliza vizuri utakuta mambo manne: kijana abaki na shamba, kijana abaki na nyumba, kijana awe na kauli mzee akiugua, na kijana aitwe kwa jina la nyumba ile. Amri moja ya mahakama ingempa mtoto mdogo yote kwa mkupuo. Kwa mtu mzima kila jambo lina karatasi yake, na karatasi hizo haziko sawa kwa nguvu. Baadhi zinakufa na mzee, baadhi zinaanza kufanya kazi siku anayokufa, na moja inafanya kazi sasa hivi.

Nianze na hiyo ya sasa hivi, kwa sababu ndiyo naiamini kuliko zote: ardhi kumpa angali hai.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, mwanakijiji mwenye haki ya kimila anaweza kuihamisha kwa mwanakijiji mwenzake kwa idhini ya halmashauri ya kijiji. Halmashauri haitazami damu. Inatazama kama anayepewa ni mkazi atakayelitumia shamba, kama mwenye kutoa anabaki na ardhi ya kumtosha yeye na wanaomtegemea, na kama kuna mwanamke ambaye haki yake ya kulitumia eneo itapotea. Baada ya hapo majirani wanaonyesha mipaka, shamba linapimwa, na hati ya hakimiliki ya kimila inatolewa ikiwa na sahihi za mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na afisa ardhi wa wilaya. Nakala inabaki katika masjala ya ardhi ya kijiji. Watu wa huku wana sababu ya kuijua hati hiyo kuliko wengi, kwani Mbozi, wilaya iliyoibeba Momba kabla haijagawanywa, ndiyo iliyochaguliwa kuwa ya majaribio sheria hiyo ilipoanza kutumika, na kijiji cha Halungu kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa nchini kutoa hati hizo.

Mzee si lazima ajivue kila kitu. Anaweza kugawa: ekari kadhaa zihamishiwe kwa mpwa, nyingine abaki nazo yeye. Hata ukoo hukubali kwa wepesi zaidi kitu walichokiona kikifanyika mchana, mzee akiwa na akili zake, kuliko karatasi inayotolewa sandukuni siku ya kumaliza msiba.

Nyumba ni habari tofauti, hasa ikiwa imejengwa kwenye kiwanja kilichopimwa. Chitete ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, na penye makao makuu viwanja hupimwa. Huko sheria ni ile nyingine ya 1999, Na. 4, na ndani yake kuna kipengele kinachowanasa wengi. Watu husema: basi tuandikishe majina mawili kwenye hati, mmoja akifa mwingine anabaki na nyumba. Umiliki wa namna hiyo, ambao aliyebaki hai anachukua vyote, sheria imewawekea wanandoa. Wengine wanahitaji ruhusa ya mahakama. Mjomba na mpwa wakiandikishwa pamoja, kila mmoja anakuwa na fungu lake, na fungu la mjomba akifa linakwenda kwa warithi wake. Yaani ukoo uleule uliokuwa unakwepwa unaingia sebuleni ukiwa na nusu ya nyumba mkononi. Hati ya majina mawili peke yake ni kazi iliyoachwa katikati. Lazima ifuatwe na wosia.

Kwenye wosia nitakaa kidogo, maana ndipo mpwa anaposhinda au kushindwa. Tangazo la Sheria za Kimila la 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, limeandika urithi wa makabila yanayofuata upande wa baba, na Wanyamwanga wa Momba ni wa upande huo. Kwa hesabu ya kanuni hizo, mtoto wa dada ni wa ukoo wa baba yake. Mzee asiye na mtoto akifa bila wosia, watakaotazamwa ni ndugu zake na watoto wa ndugu zake wa kiume. Miaka 30 ya kupika uji na kulima pamoja haimo kwenye hesabu. (Kanuni hizo zimeumiza wengi zaidi ya wapwa. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga Mahakama Kuu, ikakiri mwaka 2006 kwamba zina ubaguzi lakini haikuzifuta, hata Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikatoa uamuzi dhidi ya Tanzania mwaka 2015.)

Lakini tangazo lilelile linaruhusu wosia, na limeweka masharti yanayotekelezeka kijijini bila wakili. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wanne au zaidi, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Mashahidi wajue kusoma na kuandika, tarehe iwepo, sahihi au dole gumba la mwenye wosia liwepo, na kalamu iwe ya wino.

Tatizo ni kwamba hakimu anaweza kuamua kuwa marehemu, kwa maisha aliyoishi kama Mkristo, hakuwa mtu wa sheria za kimila. Hapo inaingia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika Bara, nayo inataka mashahidi wawili na humnyang'anya zawadi shahidi aliyeachiwa kitu ndani ya wosia. Ushauri wangu kwa mzee wa Chitete ni kuandika wosia unaopita kote kuwili: mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, wote wanaosoma, wote wakiwepo kwa pamoja, na hata mmoja wao asiwe anaachiwa kitu. Shahidi wa ukoo achaguliwe kutoka miongoni mwa wale wale wanaotarajiwa kupinga, akikubali. Sahihi ya mdogo wake mzee ina uzito mahakamani kuliko ya marafiki kumi.

Na humo ndani kijana asiandikwe "mwanangu". Najua moyo unavyotaka. Lakini neno hilo linamfungulia mpinzani mlango wa kuuliza ni mwana gani, wa nani. Yaandikwe majina yake matatu, namba yake ya NIDA, kwamba ni mtoto wa dada yangu fulani, kwamba nimemlea, kwamba namwachia hiki na hiki kilichopo mahali fulani. Na mzee mwingine, mwenye watoto wa kuzaa mahali, asijifanye hawapo. Kanuni za 1963 hazimruhusu kumnyima mrithi pasipo sababu zinazotambulika, na wosia unaomruka mtoto bila maelezo ni rahisi kuvunjwa. Ukikamilika, nakala ikahifadhiwe RITA, ambao hupokea wosia kwa kutunza, au kwa mtu asiye na maslahi.

Kwa Mwislamu mizani ni nyingine. Kumfanya aliyelelewa awe mwana kwa jina na urithi hakuruhusiwi, ila wosia kwa asiye mrithi unaruhusiwa hadi theluthi ya mali, na zawadi iliyokabidhiwa angali hai haina kikomo hicho. Kwa hiyo hati ya shamba iliyohamishwa mapema ina faida kubwa zaidi kwake.

Kauli wakati wa ugonjwa hupatikana kwa hati ya uwakilishi, inayotiwa sahihi mbele ya wakili, ikimruhusu mpwa kuchukua fedha, kufuatilia mafao au kusimama ofisini kwa niaba ya mzee. Ikumbukwe tu kwamba inakufa na mzee, saa ileile. Kuitumia benki siku moja baada ya mazishi ni kosa. Jina nalo hubadilishwa kwa hati ya kiapo inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha NIDA na vyeti vingine vinafuata. Inabadilisha jina, haibadilishi mzazi.

Kutoka Chitete kwenda Tunduma, kisha ukivuka mpaka, unafika Nakonde, ambako Wanyamwanga ni walewale na sheria ni nyingine. Zambia nayo haimwasili mtu mzima, lakini Sheria yake ya Urithi Usio na Wosia ya 1989 inatenga asilimia 10 ya mali kwa waliokuwa wakitunzwa na marehemu, wakiwemo wale walioishi naye nyumbani, bila kujali ni watoto wa nani. Ardhi ya kimila haimo, kwa hiyo shamba halimfikii. Hata hivyo bunge lile lilikiona kitu ambacho kanuni zetu za 1963 hazikukiona: kwamba mtu anaweza kuwa wa nyumba fulani bila kuwa wa damu yake.

Kwingine duniani mlango uko wazi kabisa. Japani watu wanaoasiliwa kwa sehemu kubwa ni wazima, mara nyingi wakwe wa kiume wanaochukuliwa kuendeleza jina na biashara. Osamu Suzuki, aliyeongoza kwa miongo mingi kampuni inayounda gari ambalo Tunduma wanaliita kirikuu, alizaliwa Matsuda na akaingia katika ukoo wa Suzuki kwa ndoa na kuasiliwa. Texas inaruhusu pia, ila aliyeasiliwa hawezi tena kurithi kwa wazazi waliomzaa. Uingereza imefunga kama sisi: maombi lazima yaingie kabla ya miaka 18, na amri haitolewi baada ya 19. Ndugu walioko Marekani wanaodhani watamwasili mpwa mtu mzima ili apate viza wajue kwamba sheria ya uhamiaji ya kule haihesabu kuasili kulikofanyika baada ya miaka 16, isipokuwa kwa ndugu wa mtoto aliyekwisha kuasiliwa. Anayewauzia njia hiyo anawaibia.

Mfano ninaotamani Tume ya Kurekebisha Sheria iutazame ni wa Ujerumani. Kule mtu mzima huasiliwa kwa ombi la pande zote mbili, mahakama ikijiridhisha kwamba uhusiano wa mzazi na mtoto upo kweli au utakuwepo, na kwa kawaida aliyeasiliwa anabaki mtoto wa wazazi wake wa kwanza vilevile. Anaongezewa mzazi bila kupokonywa aliyekuwa naye. Dada yake mzee wa Chitete hangepoteza mwana kwa kaka yake kupata mwana. Ombi kama hilo lingetosha kusikilizwa Mahakama ya Wilaya, ushahidi ukiwa wa majirani na walimu wa shule ya msingi walioona nani alikuwa anakuja kwenye vikao vya wazazi.

Hadi hapo, mzee aanze na halmashauri ya kijiji, siyo na wakili. Kikao cha ukoo kiitwe kabla ya hapo, kijana akiwepo, mama yake akiwepo, na muhtasari uandikwe, utiwe sahihi na wote, upigwe muhuri wa mtendaji. Muhtasari huo haumpi mpwa haki yoyote peke yake. Lakini Mahakama ya Mwanzo itakapofungua mirathi itauliza ukoo ulisema nini, na safari hii jibu litakuwa limeandikwa mwenye mali akiwa amekaa palepale kwenye kiti.