Stanley, Mirambo na Mwandishi Mwenye Upande

Mwanahabari aseme chama anachokipenda, au akae kimya? Swali hili huibuka kila uchaguzi kana kwamba limezaliwa jana. Mimi nalirudisha Tabora, mwaka 1871. Henry Morton Stanley, mwandishi wa New York Herald, anafika Unyanyembe akimtafuta Livingstone na kukuta Mirambo amefunga njia ya Ujiji. Anafanya nini? Anabeba bunduki na kwenda vitani pamoja na Waarabu! Wakachapwa. Agosti hiyo Mirambo akaivamia Tabora na kuchoma sehemu yake.

Stanley anasimulia yote haya mwenyewe katika How I Found Livingstone (1872). Hapo, jamani, nampa haki yake. Ukijua safari yake imekwama, unajua pia kwa nini Mirambo anaitwa jambazi. Ni kama kusoma Uhuru: unajua ni gazeti la CCM, unapima mwenyewe. Angejifanya hana upande, tungemeza tu.

Lakini kujitangaza hakukumpeleka Urambo kusikiliza. Habari za Mirambo anazipata kwa wenyeji wake, yaani maadui wa mtu huyo. Mwaka 1876 wakakutana ana kwa ana, wakachanjiana damu, na katika Through the Dark Continent (1878) yule jambazi amegeuka muungwana mpole. Mbona ghafla hivyo? Safari hii waliketi pamoja, na njia ilikuwa wazi.

Ukivisoma, anza na hicho cha pili, kisha rudi kile cha 1872. Utaona kurasa za vita zinavyosomeka tofauti kabisa.